Taa 14 za barabara ya mtaa wetu Tabora zimebaki 3: nani wa kuulizwa, na sisi wakazi tufanye nini?

Mama wa Cheyo

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninaishi Cheyo, Manispaa ya Tabora, kwenye barabara ya mtaani yenye miembe mikongwe pande zote mbili. Taa za barabarani zilipofungwa kwenye nguzo za mbao zinazopitisha umeme wa majumbani, zilikuwa 14, na idadi hiyo siisahau kwa sababu mwanangu wa kwanza alijifunza kuhesabu kwa kuzitaja moja moja tulipokuwa tunarudi sokoni jioni. Mvua za kwanza zikinyesha mwezi wa Novemba, watoto wa mtaa walikaa na mabeseni ya maji chini ya taa iliyo mbele ya lango letu, wakiokota kumbikumbi waliokuwa wanaufuata mwanga.

Leo zinazowaka ni 3, na mojawapo haizimiki hata mchana wa jua kali. Nyingine hazikufa kwa siku moja. Ile ya mbele ya lango letu, ambayo ni ya tisa ukihesabu kutoka barabara kubwa, kwa muda wa mwezi mzima ilikuwa inawaka, inazimika baada ya dakika chache, kisha inawaka tena, mpaka usiku mmoja ikanyamaza moja kwa moja. Ya nane ilipasuliwa kioo na mawe ya watoto waliokuwa wanaangua maembe. Nne zimemezwa na matawi kiasi kwamba hata kichwa cha taa hakionekani. Kuanzia ya kumi hadi ya kumi na nne zote zilikufa wiki moja, ingawa nyumba za upande huo zina umeme kama kawaida.

Mwaka jana jirani yangu, anayetoka kazini saa nne usiku, alianguka na bodaboda kwenye shimo lililo chini ya taa iliyokufa, akavunjika kifundo cha mkono. Baada ya hapo nilikwenda kuuliza. Ofisi ya kwanza iliniambia kwamba nguzo si zao. Ya pili ikaniambia kwamba nguzo ni zao lakini taa si zao. Ya tatu ikasema barabara ni yao, ila suala la umeme haliwahusu. Sizitaji, kwa kuwa sitaki mjadala ugeuke kuwa wa kulaumu watu. Ninachotaka ni mwanga.

Naomba kuelimishwa: mwenye jukumu ni nani hasa? Je, ile fedha inayokatwa tunaponunua umeme wa LUKU si ndiyo ya taa za barabarani? Na sisi wakazi tunaweza kufanya nini bila kuhatarisha maisha yetu? Jambo la mwisho, nguzo ile ya tisa ina vichuguu vya mchwa kuanzia chini hadi usawa wa magoti. Je, ni hatari?

Fundi wa Laini

Mama wa Cheyo, pole sana kwa adha hiyo, na umpe pole jirani yako. Nimefanya kazi ya laini za umeme zaidi ya miaka 20, sasa nimestaafu na ninaishi Urambo. Nimefurahi kwamba umeeleza jinsi kila taa ilivyokufa, kwa sababu taa ya barabarani husema ugonjwa wake kwa namna inavyokufa, na anayeripoti kwa kusema tu "taa haziwaki" humfanya fundi aje na ngazi bila kujua abebe kifaa gani.

Taa isiyozimika mchana mara nyingi imeharibika fotoseli, yaani kile kijicho kidogo kinachokaa juu ya kichwa cha taa na kuhisi mwanga wa jua. Vifaa hivyo vimetengenezwa hivi kwamba vikiharibika viiache taa ikiwaka, ili barabara isibaki gizani. Kinyesi cha ndege au vumbi zito likikifunika, matokeo huwa yale yale. Watu huona taa inayowaka mchana ni kero ndogo, lakini fanya hesabu. Taa ya sodiamu ya wati 150, pamoja na kile kinachopotea kwenye balasti yake, yaani kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye balbu, hula takribani uniti 2 kwa saa 12 za mchana. Kwa bei ya sasa pamoja na tozo zake, hiyo ni zaidi ya shilingi 20,000 kwa mwezi zinazoteketea juani, wakati fotoseli yenyewe ni kifaa kidogo cha kubadilishwa kwa dakika chache.

Taa iliyokuwa inawaka na kuzimika kila baada ya dakika chache, ikiwa mwanga wake ulikuwa wa rangi ya chungwa, ilikuwa ni balbu ya sodiamu iliyofika mwisho wa maisha yake. Balbu ya namna hiyo ikizeeka huhitaji volti kubwa zaidi kadiri inavyopata joto, hadi balasti inashindwa kuihudumia. Inazimika, inapoa, inawaka tena. Balbu nzuri ya sodiamu hukaa takribani saa 24,000, ambazo kwa usiku wetu wa saa 12 ni miaka mitano na kidogo. Kwa hiyo haikufa ghafla. Iliomba kubadilishwa mwezi mzima na hakukuwa na mtu wa kuandika.

Taa za LED hudumu zaidi, na watengenezaji wengi hutaja saa 50,000. Hata hivyo kinachotangulia kufa huwa si LED zenyewe, bali draiva, kile kisanduku kinachozilisha umeme, hasa pale ambapo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo au radi hupiga karibu na laini. Mkoa wetu una radi nyingi msimu wa mvua, kwa hiyo taa ya LED isiyo na kinga ya mruko wa umeme ni hasara iliyoahirishwa.

Zile tano zilizokufa pamoja zisikupe hofu ya gharama. Taa tano haziungui wiki moja. Kinachokufa kwa pamoja hushiriki kitu kimoja, ama fyuzi, ama swichi, ama waya. Laini nyingi za majumbani hubeba waya wa ziada kwa ajili ya taa peke yake, na ndiyo maana nyumba zinaweza kuwa na umeme huku taa zimelala.

Nakuomba ufanye hivi. Jioni moja, saa moja na nusu hivi, giza likishaingia, tembea barabara nzima ukiwa na daftari na mtu wa kumulika tochi. Kila nguzo ipe namba na uandike imekaa mbele ya nyumba namba ngapi. Zile namba za anwani za makazi zilizowekwa mwaka 2022 zitakusaidia sana, kwa sababu fundi akiambiwa namba ya nyumba na jina la mtaa hapotei. Usiguse nguzo wala waya wowote, na ukiona waya umening'inia au umelala chini, kaa mbali si chini ya mita 10 na uzuie watoto.

Mtendaji Mstaafu

Mama yangu, niliwahi kuwa afisa mtendaji wa mtaa katika mkoa huu, na swali lako la nani wa kuulizwa nimelijibu mara nyingi ana kwa ana, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Zile ofisi tatu huenda hazikukudanganya, ila kila moja ilikupa theluthi ya jibu. Nguzo na nyaya za umeme wa majumbani ni za TANESCO. Barabara, kama ni barabara kuu au ya mkoa, iko chini ya TANROADS. Kama ni ya mtaani kama yenu, tangu mwaka 2017 iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Taa zenyewe ni za yule aliyezifunga au aliyekabidhiwa baada ya mradi kuisha, na huyo anaweza kuwa halmashauri, wakala wa barabara, au mradi ambao mkandarasi wake ameshaondoka zamani. Hapo ndipo giza linapoanzia. Mradi una fedha ya kusimika taa, una sherehe ya kuziwasha, lakini mara nyingi hauachi mstari kwenye bajeti wa kununua balbu ya mwaka wa sita.

Njia niliyokuwa naitumia ni kuitafuta mita. Umeme wa taa za barabarani nao hununuliwa kama wa nyumbani, tena uko kwenye kundi lile lile la bei la T1. Kwa hiyo kuna mita mahali fulani, na mita ina jina la mteja. Anayelipia mita hiyo ndiye wa kuandikiwa barua. Mwombe mwenyekiti wa mtaa na mtendaji waulize mita hiyo ni ya nani, kisha barua ipitie kwa mtendaji wa kata na nakala apewe diwani, ili hoja iingie kwenye vikao vya halmashauri kabla bajeti ya mwaka unaofuata haijafungwa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai, kwa hiyo barua ya mwezi wa Mei hukuta fedha zimeshagawanywa. Andikeni mapema.

Kuhusu LUKU, hili watu wengi wanalikosea, nami nilikuwa nalifafanua katika kila mkutano wa mtaa. Kwenye risiti yako kuna kodi ya ongezeko la thamani, kuna asilimia 3 ya nishati vijijini, yaani REA, na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Fedha nyingine mnayoiona ikikatwa kila mwezi ni kodi ya jengo, iliyoanza kukusanywa kwa njia ya LUKU mwezi wa Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi na kupanda kuwa 1,500 mwaka 2023. Hakuna mstari wa taa za barabarani. Nasema hivi kwa sababu niliona wakazi wakienda ofisini kwa hasira wakidai walichokwisha kulipia, wakaonyeshwa risiti zao wenyewe, wakarudi wamenywea, na hoja yao ya haki ikafa pamoja na ile isiyo sahihi.

Kijana wa Sola, Isevya

Shikamooni wakubwa wangu. Mimi ninafunga mitambo ya umeme wa jua. Kwa maoni yangu mtaa wa Mama ungeomba taa za sola zinazojitegemea, kila moja na paneli na betri yake juu ya nguzo ya chuma. Hazina mita, hazingoji gridi, na moja ikifa haiui nyingine. Betri za siku hizi za lithiamu hukaa miaka mingi kuliko zile za zamani za asidi, ambazo ilikuwa ni bahati kuvuka mwaka wa nne, na kwa kuwa hukaa juu karibu na taa, wezi hawazifikii kirahisi kama zilivyofikiwa zile zilizowekwa kwenye sanduku chini ya nguzo. Sisi tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, jua tunalo mwaka mzima.

Bustani ya Ng'ambo

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kazi. Hata hivyo umesahau kitu kimoja ambacho Mama amekitaja kwenye sentensi yake ya pili. Mwembe haupukutishi majani yote kama mninga. Kivuli chake ni kile kile Januari na Julai. Paneli iliyowekwa chini ya mwembe wa Tabora itapata jua la vipande vipande, betri haitajaa, na saa tatu usiku taa itakuwa imefifia. Nimeiona taa ya namna hiyo, mpya kabisa, ikizimika kabla watu hawajamaliza kula chakula cha jioni. Na hata pale pasipo na mti, kuanzia Mei hadi Oktoba hatupati mvua ya maana, vumbi linajipanga juu ya paneli miezi mitano au sita, na kama hakuna aliyepangiwa kulifuta, unapoteza sehemu kubwa ya chaji bila kujua. Sola ni nzuri kwenye barabara zilizo wazi. Kwa Cheyo ya miembe, sikubaliani nawe.

Mama, mimi ni mtunza miti. Ninaogopa kwamba mtu akisoma mjadala huu atachukua shoka na kusema miembe ndiyo adui wa taa. Tafadhalini, msiikate. Miembe hii ni sura ya mji, na kivuli chake ndicho kinachotufanya tuweze kutembea saa saba mchana mwezi wa Oktoba. Kinachotakiwa ni kupogoa kwa akili, yaani kuondoa matawi ya chini na ya pembeni yaliyopo kati ya taa na barabara, ili mwanga upite chini ya mwavuli wa mti. Ukikata kilele, mti hujibu kwa kutoa machipukizi mengi membamba yanayopanda haraka, na baada ya misimu miwili unarudi ulipokuwa, tena pabaya zaidi.

Wakati mzuri ni baada ya maembe kuisha, Februari au Machi, maana mti bado una unyevu wa kupona, na hamtapoteza maua yanayokuja katikati ya mwaka. Tawi lililo mbali na nyaya mnaweza kupogoa wenyewe kwa ruhusa ya mwenye mti na ya mtaa. Tawi linalogusa waya au lililo karibu nao, hilo ni la mafundi wa TANESCO wanaosafisha mkuza wa laini, yaani njia inapopita laini ya umeme, kwa sababu tawi bichi hupitisha umeme na mkono ulioshika panga ndio unaofuata. Na pale ambapo mti umezidi kabisa, taa yaweza kuwekewa mkono mrefu zaidi au kushushwa kidogo ili ikae chini ya matawi.

Mama wa Cheyo

Nawashukuru sana. Jana jioni tulitembea, mimi, mwenyekiti wa mtaa, na mwanangu yule yule aliyejifunzia kuhesabu hapa, ambaye sasa ndiye aliyeshika daftari. Naleta tuliyoyaona.

Nguzo ya 1 na ya 2 zinawaka vizuri. Ya 6 ndiyo inayowaka usiku na mchana. Kwenye zile nne zilizomezwa na miembe, yaani ya 3, ya 4, ya 5 na ya 7, tumepata jambo ambalo sikulitarajia. Tulisimama uani kwa jirani, upande wa nyuma wa mwembe, tukaona majani yanang'aa kwa ndani kama chemli iliyofunikwa kitenge. Taa tatu kati ya hizo ni nzima. Miaka yote hii zimekuwa zikiwaka na kuwamulikia popo, huku sisi chini tukipapasa ukuta. Iliyokufa kweli ni ya 5 peke yake.

Ya 8 haina kioo, na ndani yake kumejaa mabawa makavu ya kumbikumbi. Ya 10 hadi ya 14 zote kimya.

Sasa ya 9. Mchana tuliisogelea bila kuigusa. Imeinama kuelekea barabarani, si sana, lakini ukisimama mbali na kuilinganisha na kona ya nyumba unaona. Usawa wa ardhi ina ufa mrefu ambao unga mwekundu wa udongo wa mchwa unatokea. Jirani amemfunga mbuzi kwenye waya wa chuma unaoishikilia nguzo hiyo kutoka juu hadi ardhini, na mahali kamba inapopita waya umelegea, ukiutazama unacheza. Juu, kati ya nguzo ya 9 na ya 10, kuna waya mmoja mwembamba ambao mwanangu anasema haujafika kwenye kikombe chake, kile kinachoushikilia kwenye nguzo. Nguzo ina alama iliyogongwa lakini herufi zimefutika.

Fundi wa Laini

Mama, umeniandikia taarifa ambayo mafundi wangu wawili hawakuwahi kuniandikia vizuri hivyo. Siwezi kuapa nikiwa Urambo, lakini ninavyoona mimi taa zako tano na nguzo yako ya mchwa ni tatizo moja. Nguzo imeinama, nyaya nene zimevumilia mvuto, na ule mwembamba wa taa umechomoka kwenye kiungo chake. Ndiyo maana kuanzia ya 10 kwenda mbele hakuna mwanga na majumbani umeme upo.

Usidanganywe na sura ya nguzo kwa nje. Nguzo zetu nyingi ni za mikaratusi kutoka Iringa na Njombe, nazo hutiwa dawa kwa mashine za shinikizo. Dawa hiyo huingia kwenye sehemu ya nje ya mti tu. Kiini kigumu cha katikati hakiinywi. Mti ukipasuka, mchwa na ukungu hupita kwenye ufa wakaenda moja kwa moja kwenye kiini, na nguzo hubaki gamba zima lenye uwazi ndani. Mahali panapooza zaidi ni kuanzia usawa wa ardhi hadi sentimita 30 chini yake, kwa sababu hapo kuna unyevu na hewa pamoja. Fundi akija atagonga kwa nyundo na kusikiliza: nguzo nzima hulia kavu, na iliyoliwa hutoa sauti ya ngoma. Kisha atachimba kidogo na kuchokoa kwa bisibisi. Nguzo ya mita 9 imezikwa kama mita 1.5 tu, kwa hiyo ikiwa imeliwa hapo, kinachoisimamisha kwa sasa ni ule waya wa chuma mnaomfungia mbuzi, pamoja na nyaya zenyewe.

Kwa hiyo tenganisha mambo. Barua ya taa ifuate njia aliyoielekeza Ndugu Mtendaji, ukiambatanisha orodha yako, na uandike wazi kwamba nguzo ya 3, ya 4 na ya 7 zinahitaji kupogolewa tu, ya 6 inahitaji fotoseli, ya 8 kioo na kukaguliwa, na ya 5 na ya 9 balbu. Atakayeisoma ataona kwamba kazi si ya kununua taa 11. Lakini nguzo ya 9 isingoje barua. Pigia TANESCO namba 180 leo, na usitamke neno taa, maana ukisema taa utaingizwa kwenye foleni ya taa. Sema kwamba nguzo ya laini ya majumbani imeliwa na mchwa, imeinama barabarani, na waya wa kuishikilia umelegea. Taja mtaa na namba ya nyumba, kisha omba namba ya taarifa uiandike. Waombe bodaboda wasiegeshe chini yake, na mbuzi aondolewe sasa hivi, kwa utaratibu, bila kuuvuta ule waya.

Mama wa Cheyo

Nimepiga simu saa mbili asubuhi na nimepewa namba ya taarifa, nimeiandika kwenye daftari. Mwenyekiti ameweka matawi makavu kuzunguka nguzo ili watoto wasikaribie. Jirani amemfungua mbuzi yeye mwenyewe, amemhamishia kwenye mpera ulio uani.